Jinsi ya kupata michoro ya zamani ya vinka, lile ua la dawa ya saratani, mpaka inaning'inia ukutani

Dada yangu ni nesi wodi ya watoto wenye saratani. Mwaka jana aliniambia wazazi wengi wanakaa pale wiki hadi wiki wanaangalia dripu ya mtoto na hawajui kabisa ile dawa imetoka wapi, na yeye akiwaambia kwamba vinkristini inatokana na ua ambalo pengine lipo mlangoni kwao wanamtazama tu. Akataka picha ukutani. Ila hakutaka picha ya simu, alitaka mchoro, ile michoro ya zamani ya vitabu vya mimea yenye jani, ua na tunda vyote kwenye karatasi moja, maana mchoro unaonyesha vitu ambavyo picha ya kamera inavificha.

Mimi nina duka la stesheneri, kuprinti ni kazi yangu ya kila siku, nikamwambia hiyo ni kazi ya jioni moja. Ikachukua karibu wiki tatu, na katikati hapo tuliweka ukutani ua ambalo silo. Juzi nimemsaidia mwalimu mmoja wa baiolojia kufanya kitu hicho hicho tukamaliza ndani ya saa mbili, kwa hiyo naandika njia yote hapa ili mwingine asipite kule nilikopita mimi.

Mmea wenyewe ni huu ambao wauza miche wanauita vinka. Unaota uani, pembeni ya ukuta, makaburini, hata kwenye nyufa za saruji, una maua ya pinki au meupe na haujali jua wala chumvi ya bahari. Asili yake ni Madagaska, jirani zetu kabisa hapo mbele ya bahari. Jina lake la kisayansi leo ni Catharanthus roseus, na hilo neno "leo" lishike, ndilo litakalotusumbua huko chini.

Hatua ya 1: Toka nje ukauangalie

Usianze na intaneti. Chuma tawi moja, weka mezani kwenye karatasi nyeupe. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, yanang'aa, na katikati kuna mshipa uliopauka. Ua lina petali tano na katikati kuna jicho, mara nyingi jekundu iliyoiva. Shika ua ulivute taratibu kutoka kwenye kikonyo, utatoka na mrija mwembamba kama sentimita mbili na nusu hivi, huo mrija ni muhimu sana. Tafuta na kitumba ambacho hakijafunguka uone petali zilivyojiviringisha kuelekea upande mmoja kama mwamvuli uliofungwa. Chini ya ua lililokwisha kudondoka utaona vijiganda viwili vyembamba, pacha.

Ukishayaona haya manne, yaani majani, mrija, kitumba na vijiganda, hakuna mchoro utakaokudanganya. Nawa mikono ukimaliza, mmea huu una sumu.

Hatua ya 2: Majina (hapa ndipo siku zangu zilipoishia)

Soma hii hatua polepole hata kama nyingine utaziruka.

Mimi nilianza kama mtu yeyote, nikaandika vinca kwenye kisanduku cha kutafutia. Picha zikaja kwa mamia, nzuri ajabu, michoro ya Kijerumani na ya Kifaransa, kila kitu kimechorwa kwa ustadi. Nikachagua iliyonivutia, nikasafisha, nikaprinti, dada akaipeleka wodini. Ilikaa wiki nzima. Siku moja baba wa mtoto mmoja akamwambia, "Sista, samahani, hili ua sio lile letu, letu sio la bluu halafu halitambai hivi." Alikuwa sahihi. Nilichokuwa nimeprinti ni Vinca minor, mmea wa Ulaya, unaotambaa chini ya miti na una maua ya bluu. Nao ni dawa ya kienyeji ya huko kwao ndiyo maana umo kwenye vitabu vyao vingi vya tiba, lakini vinkristini haimo humo. Tulikuwa tumewaonyesha wazazi mmea mwingine kabisa. Niliumia sana, maana lengo lote lilikuwa wajue ukweli.

Basi nikaenda upande wa pili, nikatafuta kwa jina sahihi la sasa, Catharanthus roseus, kwenye maktaba za vitabu vya zamani. Nikapata karibu hakuna kitu. Nikajaribu jina la Kiingereza, periwinkle, nikaletewa konokono wa baharini, kwa sababu kwa Kiingereza kuna konokono wana jina hilo hilo.

Tatizo ni hili. Mchoraji wa miaka ya 1700 hakuweza kuandika Catharanthus roseus kwa sababu jina hilo lilikuwa bado. Limewekwa na mtaalamu wa mimea George Don mwaka 1837. Kabla ya hapo, Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya kisayansi ya mimea, aliuita Vinca rosea mwaka 1759, aliuweka jenasi moja, yaani jina la kwanza moja, na yule wa bluu wa Ulaya. Na hata baada ya 1837 watu hawakuhama wote kwa pamoja, wengine waliendelea na Vinca rosea, wengine wakasema Lochnera rosea, kuna waliosema Ammocallis rosea. Kwa hiyo ua moja lina angalau majina manne ya kitaalamu kwenye vitabu, na ukitafuta kwa jina moja tu unakosa vitu vingi.

Njia ninayoitumia sasa: fungua tovuti ya Plants of the World Online, ni ya bustani ya Kew kule London, ni ya bure. Andika jina la sasa la mmea wako. Teremka chini mpaka kwenye orodha ya majina mengine, yale yaliyokwisha kuachwa. Nakili YOTE kwenye karatasi, pamoja na mwaka wa kila moja. Usichague, usiseme hili halina maana. Mwaka ni muhimu kwa sababu unakwambia jina lipi litafutwe kwenye kitabu cha umri gani. Kitabu cha 1790 kitakuwa na Vinca rosea. Cha mwanzoni mwa miaka ya 1900, jaribu na Lochnera. Hii njia inafanya kazi kwa mmea wowote wa dawa, sio vinka tu.

Bado kuna mtego wa pili ndani ya huo huo, na huu ndio ulionikalisha mpaka saa nane usiku. Nina jina sahihi la zamani, niko kwenye maktaba sahihi, kitabu najua kimo, naandika Vinca rosea, hakuna kitu! Nikadhani bando limekata. Kumbe Kiingereza kilichochapwa kabla ya 1800 hivi kilikuwa na herufi s ya namna mbili, ya kawaida inayokaa mwisho wa neno, na nyingine ndefu ya kukaa mwanzoni na katikati ambayo kwa macho yetu inafanana kabisa na f. Kompyuta ikiskani ukurasa ule na kugeuza picha kuwa maandishi, inasoma f. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu zake lile neno ni rofea. Andika Vinca rofea. Nilipoandika hivyo kurasa zikafunguka, nikaamsha watu nyumbani.

Kwa hiyo kila jina lenye s katikati liandike mara mbili, na s na f. Officinalis, neno lililo kwenye majina mengi ya mimea ya dawa, jaribu na officinalif hata kama s ya mwisho haikupaswa kuwa ndefu, mashine hukosea popote. Na kama kitabu kina madoa au wino umefifia, jaribu kutafuta neno moja tu badala ya mawili.

Mtego wa tatu. Kuna mchoro ambao hauna jina hata moja kati ya hayo manne, nao ndio wa maana kuliko yote. Philip Miller alikuwa mkuu wa bustani ya wauza dawa ya Chelsea, London, bustani iliyoanzishwa 1673 ili wanafunzi wa dawa wajifunze mimea. Mbegu za ua letu zilitoka Madagaska zikafika Ufaransa kwenye bustani za mfalme, na kutoka huko zikamfikia Miller, akaziotesha. Picha yake ikatoka mwaka 1757, miaka miwili kabla Linnaeus hajaupa mmea jina. Ndiyo maana huwezi kuipata kwa kutafuta rosea wala rofea. Wakati ule mmea uliitwa kwa sentensi nzima ya Kilatini, Vinca foliis oblongo-ovatis integerrimis, tubo floris longissimo, caule ramoso fruticoso. Yaani vinka yenye majani marefu ya mviringo yasiyo na meno, mrija wa ua mrefu kupita kiasi, shina la matawi lenye umbo la kichaka. Rudi sasa kwenye tawi lako pale mezani. Mrija ule uliouvuta! Miller aliuona mrija ule ule, akauweka kwenye jina. Nilipotafsiri ile sentensi neno kwa neno na ua liko mkononi nilisikia kama mtu wa miaka 260 iliyopita ananionyesha kwa kidole.

Sasa mchoro kama huu unapatikanaje? Kwa namba. Kwenye vitabu vya kitaalamu ukiona t. 186 au tab. 186 maana yake ni picha namba 186, t ni tabula ya Kilatini. Wataalamu wa baadaye kila wakiutaja mmea wanataja na namba za picha za zamani. Kwa hiyo unatafuta namba kwanza kwenye kitabu cha baadaye, halafu unakwenda nayo moja kwa moja kwenye kitabu cha zamani. Miller ni t. 186. Na ule wa rangi nilioutumia kwenye bango umo kwenye jarida la Curtis, The Botanical Magazine, toleo lililokusanywa la 1794, picha namba 248.

Hatua ya 3: Kufika kwenye ukurasa wenyewe

Maktaba ninayoipendekeza kuliko zote ni Biodiversity Heritage Library. Ni bure, haitaki kujisajili, na vitabu vimeskaniwa vizima, jalada mpaka jalada. Wengi wanakimbilia zile tovuti za kukusanya picha nzuri nzuri, mimi sizitaki kabisa, kule picha imekatwa, jina limeondolewa, mwaka haupo, mtu ameongeza rangi kwa programu na hasemi. Ukianzia kule utafanya kosa langu la Vinca minor bila hata kulijua. Ipo moja tu naiamini kama mlango wa kuingilia, plantillustrations.org, kwa sababu yenyewe inapanga michoro kwa majina ya sasa na ya zamani pamoja, halafu inakutajia kitabu na namba. Itumie kupata namba, kisha nenda kwenye kitabu kizima.

Angalizo moja hapa. Ukurasa wa picha mara nyingi hauna maandishi ya kutosha kwa kompyuta kuusoma, kwa hiyo utafutaji utakuleta kwenye ukurasa wa maelezo. Usikate tamaa, picha iko jirani, sogea ukurasa mmoja au miwili mbele au nyuma. Kwenye jarida la Curtis namba ya picha inarudiwa juu ya maelezo, zikilingana umefika.

Na usiishie kwenye picha, soma na maelezo. Hata kama Kiingereza chake ni cha zamani, humo ndimo utakapojua mbegu zilitoka wapi, nani aliotesha, na walikuwa wanauonaje mmea kabla hakuna mtu anayejua siri yake. Wao waliupenda kwa uzuri tu, ulikuwa ua la kufugwa ndani kwenye joto. Siri ilikuja kutangazwa 1958 huko Kanada, chuo kikuu cha Western Ontario, ambako Robert Noble na Charles Beer walikuwa wanachunguza majani yaliyotoka Jamaika, kwa sababu kule watu walikuwa wanayachemsha kwa ajili ya kisukari. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu za panya wao, na kwa mgonjwa mwenye saratani ya damu hizo ndizo zinazozidi. Ikatoka vinblastini, halafu vinkristini ikafuata, Marekani waliiruhusu 1963. Mwaka huo huo wa 1958 daktari Denis Burkitt aliyekuwa Kampala alichapisha maelezo ya ule uvimbe wa taya za watoto wa Afrika ambao sasa una jina lake, na leo vinkristini ni sehemu ya matibabu ya huo ugonjwa. Dada aliponiambia hili ndipo nilipoelewa kwa nini anataka picha ile ukutani kwa nguvu namna ile.

Hatua ya 4: Linganisha nakala

Watu wengi wanairuka hii. Picha za jarida la Curtis zilichapwa kwa bamba la shaba, mistari tu, nyeusi, halafu wino ukikauka watu walikaa mezani wakapaka rangi kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine, maelfu ya nakala. Jarida lile lilianza 1787 na waliendelea kupaka kwa mkono hadi 1948. Maana yake hakuna nakala mbili zinazofanana. Picha 248 ya maktaba moja pinki yake imekolea, ya maktaba nyingine imepauka, nyingine jicho la katikati limepakwa kwa haraka rangi ikavuka mstari.

Kwa hiyo fungua nakala mbili au tatu za picha ile ile, zivute kubwa, ziweke pembeni pembeni. Angalia jicho la ua. Angalia kama mistari ya mshipa wa jani bado inaonekana chini ya rangi ya kijani au imefunikwa. Kisha angalia tawi lako la kweli lililopo mezani, chagua iliyokaribia. Mimi nilipozuumu mpaka mwisho kwenye ile niliyoichagua niliona ukingo wa petali moja rangi imeishia nusu milimita kabla ya mstari, karatasi tupu inachungulia, na pembeni yake brashi imerudi mara ya pili kufuatisha. Mtu alikaa akarudia. Sijui jina lake, hawakuandikwa, ila alirudia.

Hatua ya 5: Kushusha

Skrinishoti hapana. Narudia, hapana. Shusha faili lenyewe la ukurasa, na ukurasa huo mmoja tu, usibofye kitabu kizima maana bando lote litaenda na maji. Faili likija, liite kwa jina kamili hapo hapo: curtis-1794-248-vinca-rosea na jina la maktaba. Ukisema utalibadilisha baadaye hutalibadilisha.

Kuhusu haki, michoro ya miaka hii iko huru, waliochora walifariki zamani sana, unaweza hata kuuza. Taja maktaba tu, ni adabu.

Hatua ya 6: Kusafisha, kwa mkono mwepesi

Natumia GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha. Ni bure na inatosha. Zile programu za simu zinazosafisha picha kwa kubofya mara moja achana nazo, na hizi mpya za akili bandia zinazoongeza ukali wa picha ndizo mbaya kabisa kwa kazi hii. Zinabuni. Nilijaribu moja, ikanirudishia ua zuri mno lenye petali zilizopangwa sawasawa na mishipa ya jani ambayo haikuwepo. Kwenye mchoro wa mmea wa dawa mshipa wa jani ni taarifa, mtu anaweza kuutumia kutambua mmea, huwezi kuubuni.

Tengeneza nakala ya safu (layer) kabla ya kugusa chochote. Nyoosha kama imepinda. Kisha nenda kwenye Levels, sehemu ya kurekebisha giza na mwanga wa picha, sogeza ule upande wa giza taratibu mpaka mistari ya bamba iwe nyeusi ya kusomeka, halafu acha. Upande wa mwanga usiguse, au gusa kidogo sana. Kosa la kila mtu, na sisi wenye maduka ndio wa kwanza, ni kuifanya karatasi iwe nyeupe pee. Karatasi ya 1794 sio nyeupe, na ile rangi ya maji imepakwa juu yake, ukiing'arisha karatasi na pinki inaondoka nayo, ua linabaki kama limepigwa na jua miaka kumi. Waachie umanjano wao.

Madoa ya kahawia ya unyevu yaondoe yale tu yaliyoangukia kwenye jani au petali mtu akadhani ni ugonjwa wa mmea. Kwa hayo tumia brashi ya kuponya, ndogo, bonyeza mara moja moja. Yaliyoko kwenye karatasi tupu yaache. Kuna na kivuli cha maandishi ya ukurasa wa nyuma au wa pili yake, nacho kinapungua chenyewe ukishaweka Levels vizuri.

Halafu usikate pembeni! Namba 248 ya juu inabaki. Chini kabisa kuna mstari wa maandishi madogo sana, una jina la mchapishaji na tarehe. Huo mstari haukuwekwa kwa urembo, sheria ya Uingereza ya 1735 ya kulinda wachonga picha ilitaka kila bamba liwe na jina la mwenyewe na tarehe. Ndiyo cheti cha kuzaliwa cha mchoro. Nimeona mabango mengi mazuri ambayo mstari huo umekatwa, na mwenye bango hawezi tena kukwambia picha yake ni ya mwaka gani.

Hifadhi kwa PNG au TIFF wakati unafanya kazi. JPEG ni ya mwisho kabisa ukishamaliza.

Hatua ya 7: Kuprinti

Ukurasa wa jarida la Curtis ni mdogo, urefu kama sentimita 23. Ukiwa umeskaniwa kwa dpi 400, yaani nukta 400 kwa kila inchi, unapata pikseli kama 3600 kwenda juu, na A4 ya dpi 300 inataka 3508. Kwa hiyo A4 ndio saizi yake. A3 inataka 4961, hapo utaanza kuona ukungu. Dada alitaka kubwa, tukakubaliana A4 mbili, moja ya Curtis ya rangi na moja ya Miller, pembeni pembeni, na ilipendeza kuliko A3 moja.

Karatasi nzito isiyong'aa, gramu 200 kwenda juu. Pinki ndiyo rangi inayosumbua, kwenye skrini iko sawa halafu mashine inatoa zambarau. Kata kipande cha ua na kipande cha jani, viprinti kwenye kona ya karatasi kwanza, vipeleke nje kwenye mwanga wa jua uvilinganishe na tawi. Rekebisha, rudia. Mimi nilirudia mara nne.

Hatua ya 8: Maandishi ya chini

Mchoro bila maandishi kwenye wodi ni hatari, na hili nalisema kwa uzito wote. Mzazi aliyechoka, mwenye mtoto mgonjwa, ukimwambia dawa hii inatoka kwenye ua lililopo nyumbani kwako, wazo la kwanza ni kwenda kulichemsha. Na ukimwambia ni la Madagaska, limechorwa vitabuni tangu 1757, ndio kabisa anaona ni dawa iliyothibitishwa na wahenga. Dawa ya kwenye chupa imechujwa kutoka kwenye majani mengi mno, ikapimwa kwa uzito na ukubwa wa mwili wa mtoto. Majani yenyewe yana sumu nyingi pamoja na hiyo, na hakuna sufuria inayoweza kuzitenganisha.

Kwa hiyo tuliandika kwa herufi kubwa kuliko jina la mmea lenyewe. Dada ndiye aliyechagua maneno, mimi nilitaka kuweka historia juu akakataa, akasema historia ikae chini, mtu asome onyo kwanza. Ikawa hivi:

USICHEMSHE. USINYWE. Majani ya ua hili yana sumu. Dawa anayopewa mtoto imetengenezwa kiwandani na kupimwa. Ukiwa na swali muulize nesi.

Vinka. Jina la sasa: Catharanthus roseus. Jina lililokuwa kwenye kitabu cha 1794: Vinca rosea. Asili: Madagaska. Picha ya kushoto: Philip Miller, London, 1757, namba 186. Picha ya kulia: jarida la Curtis, London, 1794, namba 248, imepakwa rangi kwa mkono.

Tumia fonti ya kawaida, nene, ya kusomeka mtu akiwa amekaa kwenye benchi mita mbili kutoka ukutani. Hizi za mikunjo mikunjo zinapendeza kwenye kadi za harusi, hapa hazifai.

Mwisho ni fremu. Ukuta wa wodi unafutwa kwa dawa kila siku, na laminesheni inang'aa chini ya taa kiasi kwamba ukikaa upande wa dirisha huoni kitu. Weka kwenye fremu yenye kioo au plastiki ngumu ya mbele, ziba nyuma kwa gundi ya karatasi pande zote nne ili maji ya kufutia yasipenye, na ining'inize usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Yule baba aliyetusahihisha tulimwita aione kabla hatujapigilia msumari. Akasogea, akahesabu petali, akaangalia vile vijiganda pacha, akasema ndilo.